Pazia lililokosa hodhi

Mwaka 2001 tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, zile tuzo za Marekani zinazotolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye, ilikwenda kwa David Schmidt, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Swali alilolishughulikia ni lile ambalo kila anayeoga nyuma ya pazia la plastiki amewahi kujiuliza akiwa na povu machoni: kwa nini bomba likifunguliwa tu, pazia linaingia ndani, linatafuta paja na kung'ang'ania hapo kama ruba? Waliompa tuzo walikuwa waangalifu. Walisema ametoa jibu la sehemu tu.

Maelezo yaliyozoeleka kabla yake yalikuwa ya joto. Maji ya moto hupasha hewa, hewa hiyo hupanda, na hewa ya baridi iliyo nje hupita kwa chini kujaza nafasi, ikilisukuma pazia njiani. Si uongo, ila hayamsaidii mtu wa Tanga au Mombasa anayeoga maji yasiyopashwa moto mwezi wa Februari na bado pazia linamfuata. Schmidt alilijenga bafu ndani ya kompyuta, akaligawa vipande vidogo vidogo, akakokotoa mwendo wa matone na wa hewa. Aliona kwamba matone yakishuka hupunguzwa kasi na hewa, na hewa nayo huburutwa na matone, mpaka nyuma ya pazia unajengeka mzunguko wa hewa uliolala ubavu. Katikati ya mzunguko huo msukumo wa hewa ni mdogo kuliko nje, na pazia jepesi huvutwa kuelekea huko.

Ukishajua hivyo, unajua pa kushika. Mambo ni matatu: nguvu ya maji, wepesi wa pazia, na umbali kati yako na pazia.

Tuanze na maji. Msukumo wa maji ya tangi huongezeka kwa takriban bar 0.1 kwa kila mita moja ya kimo. Aliyeweka tangi mita tatu juu ya kichwa cha bomba la mvua anaoga kwa bar 0.3, na huenda asielewe kabisa majirani wanalalamikia nini. Anayepigana na pazia ni yule aliyefunga pampu ya kuongeza nguvu. Huyo anaweza kupunguza koki kidogo, au kugeuza kichwa cha bomba kielekee ukutani badala ya kulielekea pazia. Kugeuza hakugharimu chochote, na nashangaa ni wangapi wanaooga miaka na miaka na kichwa cha bomba kikitazama mlango kwa sababu tu fundi alikiacha hivyo.

Wepesi unatibiwa kwa uzito. Mapazia mengine huja na sumaku ndogo kwenye upindo wa chini, na muuzaji atakuonyesha kwa fahari. Muulize zitashika nini. Sumaku hizo ziliwekwa ili zigande kwenye hodhi la chuma. Kwenye kigae hazina kazi yoyote. Kinachofaa kwetu ni gololi za kioo, zile wanazochezea watoto. Zishonee kwenye upindo, kila moja kwenye kifuko chake, ukiacha sentimita 20 hadi 25 kati ya moja na nyingine. Ukiziacha zizurure ndani ya upindo zitakusanyika zote pembeni na kulivuta pazia upande mmoja. Nati za chuma zitafanya kazi hiyohiyo kwa wiki chache, kisha kutu itaanza kuchora michirizi ya kahawia kwenye kitambaa. Usizidishe uzito: matundu ya juu ya pazia la plastiki huchanika haraka, na tundu likishachanika moja mengine hufuata.

Umbali ni kazi ya fimbo. Hoteli nyingi hutumia fimbo iliyopinda kwenda nje, na sababu si urembo. Ule mpindo unampa anayeoga nafasi ya viwiko bila kuongeza ukubwa wa bafu. Fimbo za namna hiyo zinapatikana madukani siku hizi, na fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa bomba la chuma lisiloshika kutu. Kama huwezi kubadilisha fimbo, acha upenyo wa kiganja kimoja kwenye ncha ya pazia iliyo mbali na bomba ili hewa ipite, kisha ncha iliyo karibu na bomba ilowanishe kwa mkono na kuibandika kwenye vigae. Maji yenyewe yataishikilia.

Hayo yote, hata hivyo, ni kero ya anayeoga. Kero kubwa zaidi ni ya anayeingia bafuni baada yake, akakuta kiti cha choo kimelowa, karatasi ya chooni imegeuka uji, na zulia la mlangoni linavuja. Hapo pazia hulaumiwa, na mimi naona linaonewa.

Pazia la bafuni la dukani limekusudiwa hodhi. Katika nyumba za Ulaya na Marekani bomba la mvua mara nyingi liko juu ya hodhi la kujilaza, na upindo wa pazia huingizwa ndani ya hodhi, kwa hiyo kila tone linaloteremka kwenye pazia huishia humo. Wenye kujali zaidi hutundika mapazia mawili, la kitambaa nje kwa ajili ya macho na la plastiki ndani kwa ajili ya maji. Sisi tulichukua pazia tukaliacha hodhi. Bafu la kawaida la Dar es Salaam, Nairobi au Kigali ni chumba cha vigae chenye bomba ukutani, choo kwenye kona na tundu la maji sakafuni. Upindo wa pazia hauna pa kuingia. Maji yanateremka juu yake, yanafika sakafuni, na kuanzia hapo ni sakafu inayoamua yaende wapi.

Kwa hiyo kabla ya kununua pazia la tatu mwaka huu, pima sakafu. Mwaga kopo la maji karibu na mlango utazame. Yakielekea kwenye tundu, sakafu yako ni nzuri na tatizo ni dogo. Yakisimama, au yakielekea mlangoni, hakuna pazia litakalokuokoa. Mteremko unaotakiwa ni sentimita moja hadi mbili kwa kila mita moja ya sakafu, nao hutengenezwa kabla vigae havijabandikwa. Anayejenga sasa afanye jaribio la kopo mbele ya fundi kabla ya malipo ya mwisho, si baada ya kuhamia. Fundi mzuri hatakasirika. Atakayekuambia "bosi, yatakauka tu" mwambie arudie kazi.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa vibaya, kuvunja sakafu ni gharama na vumbi. Njia ya katikati ni kizingiti. Mstari wa tofali lililokatwa na kufunikwa vigae, kimo cha sentimita tano hadi kumi, unaozunguka eneo la kuogea na tundu lake, unalipa pazia kile lilichokikosa: mahali pa kuingia. Upindo ukining'inia upande wa ndani wa kizingiti, maji yake yanabaki ndani. Mpangaji asiyeruhusiwa kujenga anaweza kubandika pembe ya alumini sakafuni kwa silikoni. Ioshe sakafu, ikaushe kabisa, ifute kwa spiriti, bandika, kisha usioge humo siku nzima. Siku ya kuhama utaikwangua kwa wembe na mwenye nyumba hataona kitu. Angalizo ni moja: hakikisha tundu la maji liko ndani ya kizingiti. Nimeona mabafu ambayo tundu liko chini ya sinki la kunawia, na kizingiti cha namna hiyo kingegeuza sehemu ya kuogea kuwa bwawa.

Halafu kuna urefu. Mapazia mengi ya dukani yana upana wa sentimita 180 na urefu wa 180 au 200. Fundi hutoboa ukuta pale mkono wake unapofika, na matokeo ni mawili: pazia linaburuta sakafuni na kulowa muda wote, au linaelea juu na maji yanatoka kwa chini. Fanya kinyume. Nunua pazia kwanza, livishe pete zake, lipime kutoka juu ya pete hadi upindo wa chini, ongeza sentimita tatu za nafasi ya chini, ndipo uweke alama ya fimbo. Pazia la 180 lenye pete za sentimita nne linataka fimbo iwe kwenye sentimita 187 kutoka sakafuni, penye kizingiti na pasipo nacho. Fimbo zenye springi, zile zinazojikaza kati ya kuta mbili, hazihitaji kutoboa, ila huteleza kwenye vigae vinavyong'aa. Safisha vigae kwa spiriti mahali mipira yake inapokaa, na usitundike taulo lililolowa juu yake. Taulo ndilo linaloiangusha fimbo.

Sasa uchafu, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi hununua pazia jipya kwa sababu yake tu.

Watu huita kila kitu kinachoota kwenye pazia "ukungu". Kwa kweli ni vitu vitatu tofauti, na dawa ya kimoja haigusi kingine. Kile kigaga cheupe au cha kijivu kilicho kikavu ni mabaki ya sabuni yaliyoungana na chokaa iliyomo kwenye maji. Sehemu zenye maji magumu, hasa ya visima virefu ambavyo nyumba nyingi za Dar es Salaam na vitongoji vyake huvitegemea, kigaga hiki huja haraka sana. Kinayeyuka kwa tindikali nyepesi: siki nyeupe na maji ya uvuguvugu nusu kwa nusu, loweka pazia kwa saa moja, kisha sugua. Ndimu hufanya kazi hiyohiyo, ila ni ghali kwa pazia zima. Ukitaka kupunguza kigaga kuanzia kwenye chanzo, jaribu sabuni ya kuogea ya maji badala ya kipande. Sabuni nyingi za aina hiyo zina viambato visivyoungana na chokaa.

Kile cha rangi ya waridi, utando wa utelezi unaoanzia kwenye upindo wa chini na pembezoni mwa tundu la maji, si kutu wala rangi ya pazia inayochuja. Ni bakteria. Anayejulikana zaidi kwa rangi hiyo ni Serratia marcescens, naye hula mafuta ya sabuni na mabaki ya ngozi zetu. Kwa mtu mwenye afya njema ni kero kuliko ugonjwa, ila si jambo la kupuuza kwa mwenye kidonda kibichi, kwa mgonjwa aliyedhoofika, au kwa anayevaa lenzi za macho. Siki haimtishi sana. Sugua kwanza kwa sabuni ya unga ili utando utoke, kisha paka jiki iliyochanganywa na maji kama kifungashio kinavyoelekeza, acha dakika kumi, suuza.

Vile vidoa vyeusi ndivyo ukungu wenyewe. Hukaa kwenye mikunjo na kwenye mshono. Jiki huua wa juu na kufuta rangi, lakini ukungu ulioingia kwenye uzi wa mshono wa pazia la plastiki hurudi baada ya muda mfupi. Kwa pazia la plastiki la bei ndogo, ukiona mshono umekuwa mweusi pande zote mbili, usipoteze mikono yako.

Na hili lisomwe na kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi: jiki haichanganywi na siki, haichanganywi na ndimu, wala haichanganywi na dawa ya kusafishia choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Bafu letu la mita moja na nusu kwa mbili, lenye dirisha dogo lililofungwa kwa ajili ya mbu, si mahali pa kukutana na gesi hiyo. Kama leo umetumia siki, suuza vizuri, jiki isubiri siku nyingine. Na ukitumia jiki, acha mlango wazi.

Kinga ya vyote vitatu ni kukausha, na karibu kila nyumba ninayoijua hulifanya jambo hili kinyume. Mtu akimaliza kuoga husukuma pazia lote pembeni "ili bafu lipate hewa". Bafu linapata hewa, pazia halipati. Mikunjo inabaki imebanana na maji katikati mpaka jioni. Likung'ute mara mbili, kisha lifungue kwa upana wake wote na uliache hivyo. Pwani hewa yenyewe imejaa unyevu, na Njombe au Limuru baridi huchelewesha kukauka. Kote kuwili pazia lililokunjwa ni shamba. Dirisha nalo lina mchango wake. Zile luva za vioo za nyumba za zamani zilikuwa mbaya kwa sura na tamu kwa wezi, lakini zilipitisha hewa hata mvua ikinyesha. Tumezing'oa tukaweka vioo vya alumini vya kusukuma, ambavyo nusu yake haifunguki kamwe, kisha tunashangaa dari ya bafu kuwa nyeusi.

Kuhusu aina ya pazia nitasema kwa ufupi. La plastiki ya PVC ni la bei ndogo na ndilo lenye ile harufu kali likitolewa kwenye mfuko. Harufu hiyo hutokana na kemikali zinazolainisha plastiki, na kulianika uani penye kivuli siku chache kabla ya kulitundika huipunguza. Plastiki ya PEVA haina klorini na hainuki sana, ila ni nyepesi, kwa hiyo inataka gololi. Ninalopendekeza ni la kitambaa cha poliesta. Linashikika vizuri, halinati mwilini kwa ubaridi uleule wa plastiki, na linafuliwa na taulo, kwa mikono au kwa mashine. Mara moja kwa mwezi inatosha. Angalia matundu ya juu: yakiwa na pete za chuma chepesi zitashika kutu na kuchora kitambaa, kwa hiyo chagua ya plastiki au yaliyoshonwa tu. Mapazia mengi yana matundu 12, na pete zinazouzwa pakiti moja huwa idadi hiyohiyo, kwa hiyo ukipoteza moja utaona pengo. Marobota ya mitumba wakati mwingine hutoa mapazia ya hoteli za nje, mazito na yaliyoshonwa vizuri kuliko mapya ya dukani. Fua kwa maji ya moto kwanza.

Lakini ningependa uulize swali jingine kabla ya hayo yote: pazia linakufanyia kazi gani? Linaweza kuzuia maji, linaweza kukusitiri, na linaweza kutunza joto. Kazi hii ya tatu watu wa pwani huisahau, ila anayeoga Iringa au Nairobi mwezi wa Julai anaijua. Pazia lililofungwa vizuri hushikilia mvuke, na ukilitoa ukaweka kitu kilicho wazi kwa juu na pembeni utatetemeka. Huyo abaki na pazia lake.

Kama bafu ni la chumbani kwako, lina mlango wa komeo, na sakafu inateremka inavyotakiwa, huenda huhitaji kitu chochote. Toa pazia. Hamisha karatasi ya chooni iwe kwenye kikasha chenye kifuniko, na uweke karibu ule mpira wenye mpini mrefu wa kusukumia maji sakafuni. Baada ya kuoga sukuma maji mara nne tano kuelekea tundu. Inachukua muda mfupi kuliko kuosha pazia, na bafu linaonekana kubwa.

Anayeogea ndoo na kopo ndiye mwenye shida ndogo kuliko wote. Kichwa cha kawaida cha bomba la mvua hutoa lita nane hadi kumi kwa dakika, kwa hiyo dakika tano za kuoga ni lita 40 au 50, na zote zinarushwa kutoka juu ya kichwa. Ndoo moja ya lita 20 inamtosha mtu mzima, na maji ya kopo huanguka karibu na mwili. Nyumba za mawe za zamani za Lamu ziliendeshwa hivyo: birika la maji lililojengwa kwenye kona ya bafu, kata ya kifuu cha nazi ya kuchotea, na samaki wadogo ndani ya birika wa kula viluwiluwi vya mbu. Penye kata hapakuhitajika pazia. Leo ukitaka starehe ya bomba bila mrusho wake, funga bomba la mkono lenye mpira, uoge umekaa kwenye kigoda cha plastiki. Wazee hupenda zaidi hivyo, na mama anayemwogesha mtoto hataki tena kurudi kwenye bomba la juu.

Kama unajenga au unakarabati, ushauri wangu wa kwanza ni ukuta mfupi. Tazama ni kitu gani hasa kinacholowa bila sababu: ni choo. Basi jenga ukuta kati ya choo na bomba, urefu wa sentimita 80 au zaidi kidogo, kimo cha sentimita 120 hivi, ukipigwa dawa ya kuzuia maji na kuvikwa vigae pande zote mbili. Juu yake uteremkie kidogo upande wa bomba ili maji yasisimame. Hauoti ukungu kwenye mikunjo kwa kuwa hauna mikunjo, hauchaniki, na mtoto anaweza kuning'inia juu yake. Unakula sentimita kumi hadi kumi na tano za upana, kwa hiyo kwenye bafu jembamba sana hautafaa.

Huko ndiko kioo kinakopata kazi. Mtindo wa sasa ni kipande kimoja kilichosimama, bila mlango, upana wa sentimita 70 hadi 90, na upande wa pili umeachwa wazi wa kuingilia. Kipande hicho ni bora kuliko milango ya kioo ya kusukuma, ambayo reli yake ya chini hukusanya nywele, sabuni na utando wa waridi mahali ambapo hakuna brashi inayofika. Ila usinunue kioo kwa macho. Kinachotakiwa ni kioo kilichoimarishwa kwa moto, unene wa milimita nane au kumi, ambacho kikivunjika husambaratika vipande vidogo butu badala ya mapande marefu makali. Kioo hicho hukatwa na kutobolewa kabla ya kuimarishwa. Baada ya hapo hakikatiki. Kwa hiyo fundi wa alumini akikuambia atakuja nacho akikate hapohapo nyumbani kwako, anakuletea kioo cha dirisha. Tafuta mhuri mdogo uliochorwa kwenye kona moja ya kioo. Na kama unatumia maji ya kisima, jua kwamba kioo kisipofutwa kila baada ya kuoga kitakuwa na madoa ya chokaa, na madoa ya mwezi mzima yanahitaji siki na mkono wenye nguvu. Kioo kinampendeza mtu ambaye atakifuta. Wengine wote wakae na kitambaa.

Tukiwa bado bafuni, neno kuhusu bomba la mvua la umeme, maarufu sana Kenya. Fimbo ya chuma ya pazia isigusane nalo wala na waya wake. Na kama ukigusa koki au fimbo unahisi mtekenyo mdogo wa shoti, usiuzoee. Waya wa ethi haufanyi kazi. Zima kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme kabla ya mtu mwingine kuoga.

Pazia la sitara ni somo jingine. Katika nyumba nyingi za kupanga bafu liko uani, la wapangaji wote, na mahali pa mlango pana pazia. Kuzuia maji si kazi yake kabisa. Kazi yake ni heshima ya anayeoga. Hapo plastiki nyepesi haifai, upepo mmoja unaiinua. Chukua kitambaa kizito cha rangi ya giza, upana wake uwe mara moja na nusu ya uwazi wa mlango, chenye uzito chini na kamba ya kufungia pembeni. Kisha tazama taa iko wapi. Balbu ikiwa nyuma ya anayeoga, kivuli chake chote kinachorwa kwenye pazia na watu wa uani wanaona sinema. Ihamishie balbu upande wa mlango, juu na mbele ya anayeoga, au iweke nje. Kutundika kanga au taulo juu ya ukuta kama ishara kwamba kuna mtu ni ustaarabu wa zamani unaofanya kazi vizuri, lakini mfundishe kila mpangaji mpya, na mtoto afundishwe kubisha hodi hata penye pazia.

Kwa mzee au mgonjwa pazia lina faida moja kubwa: anayemsaidia anaweza kulisogeza na kumfikia bila kupambana na kioo. Lina hatari moja pia. Mtu akiteleza hushika kilicho karibu, na pazia na fimbo yake vitaanguka pamoja naye. Funga chuma cha kushikia ukutani, kilichoingia kwenye tofali lenyewe wala si kwenye kigae tu, kwenye kimo cha kiuno chake. Hicho kinunuliwe kabla ya pazia jipya.

La zamani usilitupe. Likioshwa linafaa kufunika pikipiki au kuni wakati wa masika, kutandikwa chini ya shuka la mtoto anayekojoa kitandani, au kuzuia matone ya rangi fundi akija kupaka kuta. Lakini usilianikie mpunga wala mahindi: lilikuwa bafuni, na plastiki yake haikukusudiwa chakula.